Daftari la Mahudhurio la Mbwa Mwitu

Kila siku ya shule, saa mbili kasorobo asubuhi, Mwalimu Siwema alifungua daftari la mahudhurio la darasa la nne na kuita majina arobaini na matatu bila kuinua macho. Mtoto aliyekuwepo aliitika, "Nipo, mwalimu!" Asiyekuwepo aliitikiwa na jirani yake wa dawati, "Yupo, mwalimu!" Kisha Siwema alitia tiki arobaini na tatu zilizosimama wima kama askari wa gwaride, akafunga daftari, na somo likaanza.

Ndivyo mahudhurio yalivyofanywa katika Jamhuri ya Utimilifu. Msomaji asijisumbue kuitafuta nchi hiyo kwenye ramani, maana wachora ramani wana wivu. Miaka sita nyuma Serikali yake sikivu iliona kwamba utoro shuleni unalitia taifa aibu. Ingeweza kujenga daraja mtoni, au kuwapikia watoto chakula cha mchana, lakini wataalamu waligundua njia ya mkato: safu ya "Hayupo" iliondolewa kwenye daftari. Zikabaki safu mbili, "Yupo" na "Yupo kwa Ruhusa". Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyekosa shule, na nchi jirani zilileta wajumbe kuja kujionea.

Mwalimu mmoja tu, Kazimbaya wa shule ya ng'ambo ya mto, alichukua rula akachora safu ya tatu kwa mkono wake. Wiki ile ile yeye mwenyewe akaandikwa "Yupo kwa Ruhusa". Ruhusa yake haijaisha mpaka leo, na mkewe bado anampikia.

"Chausiku Mahimbo!" aliita Siwema.

"Yupo, mwalimu," ilijibu sauti ndogo kutoka dawati la dirishani. Ilikuwa sauti ya Tausi.

Tausi alikuwa na miezi saba akijibu hivyo. Miezi saba tangu Chausiku azikwe nyuma ya shamba la mihogo la mama yake, baada ya homa ya siku tatu na safari mbili za zahanati, ambako makopo yote rafuni yalikuwa na karatasi iliyoandikwa IPO na hakuna kopo lililokuwa na kidonge. Siwema aliiandika tiki ya Chausiku ndogo kuliko nyingine, kama mtu anayeiomba karatasi radhi. Zaidi ya hapo hakuthubutu. Alikuwa mtu wa haya toka utotoni. Katika chuo cha ualimu alifaulu masomo yote isipokuwa lile la kupaza sauti.

Asubuhi hiyo, kabla wino haujakauka, mlango ulisukumwa. Aliingia Bwana Ngwali, mkaguzi wa elimu, mwenye tumbo lililotangulia na barua iliyofuata.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi!" watoto walisimama kwa kishindo.

"Marahaba, taifa la kesho. Kaa chini, taifa la kesho." Akakohoa, akasoma: "Kwa kuwa wanasayansi wetu wamezoea kurudi kutoka porini na idadi ndogondogo za kuvunja moyo, na kwa kuwa uchunguzi umeonyesha kwamba kasoro haiko kwa wanyama bali kwa wanaowahesabu, Wizara ya Wanyama, Mahudhurio na Shangwe inaanzisha Mpango wa Mwalimu Porini. Mwalimu mwenye daftari safi atakwenda utafitini siku kumi na nne, ataita mahudhurio ya mbwa mwitu, na akirudi atawashirikisha wanafunzi aliyojifunza, mbele ya Mheshimiwa Waziri na kamera."

Akakunja barua. "Mwalimu Siwema! Miaka minne hajakosa mtoto hata mmoja! Hata siku ya mafuriko!"

"Siku ya mafuriko, mzee," alisema Siwema kwa sauti ya kusikiwa na chaki tu, "shule ilikuwa imejaa..."

"Ilikuwa imejaa! Nimeiona kwenye daftari. Kafunge mizigo, binti yangu."

*

Jioni ile, Siwema akikunja kanga zake, alisikia hodi. Alikuwa Mama Chausiku, mwanamke mwembamba aliyekuwa akiongea kwa sauti ya kawaida, na hilo ndilo lililomtisha Siwema zaidi. Kama angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Karibu, mama. Kaa."

"Sikai, mwalimu. Nimesikia unasafiri." Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi yenye muhuri wa dhahabu. "Nimeletewa hiki tena. Cha pili."

Siwema hakuhitaji kukisoma. Yeye ndiye aliyekiandika kwa mwandiko wake mzuri: Cheti cha Mahudhurio Kamili, Muhula wa Pili. Anatunukiwa Chausiku Mahimbo kwa kutokosa hata siku moja.

"Sijaja kugombana," alisema yule mama. "Nilirudi ofisi ya vizazi na vifo kuomba cheti cha kifo. Bila hicho sipati kibali cha kuandika jina lake kwenye kibao cha kaburi. Karani akapekua makaratasi, akaniambia, 'Mama, mwanao jana alikuwa kwenye Hisabati. Unataka Serikali imzike mtoto aliye darasani?' Nikamwambia nimemwosha kwa mikono yangu hii. Akasema, 'Mikono yako haina muhuri.'"

Siwema aliangalia sakafu.

"Nimemwekea kikombe chake cha uji pale kichwani, ili nipajue. Lakini mbuzi wanakiangusha. Mwalimu, kalamu iko kwako. Andika tu kwamba hayupo. Neno moja."

Siwema alikuwa na maneno mengi kooni, naye aliyajua yote kwa mpangilio wake. Alitaka kusema: nilimpenda mwanao, alikuwa akiniletea ubuyu ndani ya soksi. Alitaka kusema: kila asubuhi namwua upya kwa kumwandika hai. Alitaka kusema: naogopa, mama. Yaliyotoka ni haya:

"Hakuna safu, mama."

"Haya," alisema Mama Chausiku. Akakunja cheti vizuri, akakirudisha pindoni kama mtu anayekitunza. "Safari njema, mwalimu."

*

Mtafiti wa mbwa mwitu aliitwa Dakta Lumuli. Alikuwa ameishi porini miaka mingi hata salamu za binadamu zikawa zinamtoka kwa shida. Alimtazama Siwema, akalitazama na daftari jipya la Wizara alilolikumbatia.

"Kwa hiyo wewe ndiye umekuja kunifundisha kuhesabu."

"Hapana, Dakta. Mimi nimetumwa tu."

"Wote mnatumwa. Fungua tusome."

Daftari lilikuwa na majina thelathini na moja: Iliki, Bizari, Karafuu, Mdalasini, Binzari Nyembamba, na kuendelea mpaka Bamia na Mchicha. "Niliwapa majina ya viungo," alisema Dakta. "Viungo vikaisha, nikahamia kwenye mboga. Ilikuwa miaka mizuri ile."

"Sasa wako wangapi?"

"Kwenye daftari au hapa?"

"Hapa."

"Sita."

Siwema alidhani kutambua mbwa mmoja mmoja ni kazi ya miezi, lakini Dakta alimpa darubini na kumwambia atazame madoa. Kila mbwa mwitu amevaa koti lake, lenye mabaka meusi, meupe na ya manjano yasiyofanana na ya mwingine yeyote duniani. Aliyezoea kutofautisha pacha wawili wa darasa la nne kwa namna wanavyoshika penseli hashindwi na mbwa sita. Siku ya tatu aliwajua wote. Iliki alikuwa na sikio lililochanika na ncha ya mkia nyeupe kama chaki mpya. Bizari alikuwa mchokozi. Karafuu alikuwa bibi kizee, kilema, meno yamekwisha. Hakuwa amewinda mwaka mzima. Wenzake waliporudi kutoka mawindoni walimwendea kwanza yeye, wakamtapikia nyama mbele ya pua, naye akala.

Siwema alilia nyuma ya darubini.

"Hayumo kwenye mpango wowote wa Serikali," alisema Dakta Lumuli, "na bado anakula."

Kilichomshangaza zaidi kilitokea kila asubuhi. Jua likichomoza, mbwa wote waliamka wakakusanyika, wakalambana midomo, wakapitishana chini ya shingo, wakalia vilio vyembamba kama vifaranga. Hakuna aliyekwenda kuwinda kabla kila mmoja hajaguswa.

"Mstarini," alisema Siwema taratibu.

"Nini?"

"Wako mstarini, Dakta. Wanaitana."

Dakta alimgeukia, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo.

Kila jioni redio ya mawasiliano ya kambini ilikoroma na sauti ya Bwana Ngwali ikatoka ndani yake: "Mwalimu Porini, mahudhurio!" Naye Siwema alifumba macho na kujibu, "Thelathini na mmoja, mzee." Huko mjini mtu alipiga makofi.

Siku ya tisa Iliki hakuwepo mstarini.

Wale watano walilambana haraka haraka, bila furaha. Kisha Bizari, yule mchokozi, akainamisha kichwa karibu na ardhi na kutoa sauti ambayo Siwema hakuwa ameisikia kabla: "Huuu. Huuu." Ilikuwa sauti laini, ya chini, kama mtu anayepuliza kwenye mdomo wa chupa. "Inafika mbali sana," alinong'ona Dakta. "Ndiyo wanayomwitia aliyepotea."

Bizari aliita, akasimamisha masikio, akasubiri. Wakaita wote, wakasubiri. Siwema naye akasubiri, kalamu mkononi, akitazama mbwa mmoja hadi mwingine. Hakuna mbwa aliyejibu kwa niaba ya Iliki.

Dakta na Siwema walimkuta mchana, kwenye kichaka kando ya korongo. Mtego wa waya ulikuwa umezama shingoni. Udongo wote kumzunguka ulikuwa umechimbuliwa kwa kucha zake, duara kamili, kama lililochorwa kwa bikari. Ncha ya mkia ilikuwa bado nyeupe.

Asubuhi ya pili mbwa wakaita tena. Asubuhi ya tatu wakaita tena, muda mrefu zaidi, na bibi kizee Karafuu akajikokota mpaka juu ya kichuguu ili asikie vizuri. Kisha wakanyamaza. Wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakaondoka kuelekea kusini, polepole, kwa mwendo wa Karafuu.

Jioni hiyo redio ilikoroma. "Mwalimu Porini, mahudhurio!"

Dakta Lumuli alikuwa akikunja waya ule ule mkononi. Siwema alifungua mdomo. Neno lilikuwa palepale, fupi, lenye silabi tatu tu.

"Thelathini," alisema, "na..."

"Na?"

"Na mmoja yuko kwa ruhusa, mzee."

"Safi sana! Thelathini na mmoja!"

Redio ikazimika. Dakta aliuweka waya mezani kati yao.

"Nimeomba askari wa kuja kung'oa mitego hii mara nane," alisema, bila hasira. "Kila mara wananijibu: mbwa wote wapo, mitego inamdhuru nani? Ninyi walimu mna mioyo mizuri, mwanangu. Lakini ukimwandika aliyekufa kuwa yupo, unakuwa umemfichia aliyemwua."

Siwema hakulala vizuri tena baada ya maneno hayo. Aliyaona makopo ya zahanati, yote IPO, IPO, IPO. Na kwa nini yaletwe mengine? Hakuna mtoto aliyekufa kwa homa katika Jamhuri ya Utimilifu. Ushahidi ulikuwa kwenye madaftari, na mmoja wa mashahidi alikuwa na mwandiko mzuri.

*

Alirudi darasani na watoto wakamzunguka hata akakosa pa kuweka mkoba. Aliwaeleza kila kitu. Aliwaambia juu ya makoti ya mabaka, na kila mtoto akachora koti lake mwenyewe ambalo hakuna mwingine angekuwa nalo. Aliwaambia juu ya Karafuu, na mmoja akauliza kama kutapikiwa kunauma. Aliwafundisha mwito. Walikaa na viganja vimezunguka midomo, arobaini na wawili, wakipuliza "Huuu" mpaka mwalimu wa darasa la tano akaja kuuliza kama kuna nyuki.

"Na Iliki alirudi, mwalimu?" aliuliza Tausi.

Siwema alifuta ubao uliokuwa tayari safi.

"Walimwita siku ngapi?" Tausi hakumwachia.

"Asubuhi tatu."

Tausi alifikiri, akitazama nafasi iliyokuwa wazi pembeni yake kwenye dawati. Kwa miezi saba hakuwa amesogeza hata daftari lake upande ule.

"Sisi Chausiku hatujamwita hata mara moja," alisema. "Mimi namjibia kabla hajaitwa vizuri."

*

Siku ya Mheshimiwa Waziri shule ilipakwa chokaa upande unaotazama barabara. Darasa la nne lilifungwa maputo. Watoto walifundishwa kupaza sauti "Thelathini na mmoja!" wakiona kitambaa cheupe. Mbele kabisa kiliwekwa kiti chenye mto, na juu yake akaketishwa Mama Chausiku, amevishwa utepe begani ulioandikwa MZAZI WA MAHUDHURIO KAMILI, kwa sababu hakuna mtoto mwingine wilayani aliyemaliza mihula miwili bila hata kuugua mafua. Alikaa wima, mikono mapajani. Hakumtazama Siwema.

Mheshimiwa aliongea saa nzima na dakika za nyongeza.

"Nchi nyingine zina mbwa mwitu," alinguruma. "Sisi tuna mbwa mwitu wanaohudhuria! Wanasayansi walituletea sita. Sita! Mwalimu mmoja, binti mdogo, mwenye kalamu ya Serikali, akawapata thelathini na mmoja! Nimeagiza mwakani wawe sitini. Na wasipofika, watajieleza!"

Makofi. Kitambaa cheupe. "Thelathini na mmoja!" Makofi.

"Sasa, mwalimu," alisema Waziri akifuta jasho, "anza na mahudhurio ya hawa watoto. Nataka wananchi waone chimbuko la mafanikio yetu."

Kamera ikageuka. Siwema akafungua daftari. Aliita majina na watoto wakaitika, na kwa kila jina lililopita alihisi moyo wake ukipanda ngazi moja. Akafika.

"Chausiku Mahimbo."

Tausi alisimama. Akainua viganja, akavizungusha mdomoni.

"Huuu," aliita. "Huuu."

"Sema yupo!" alinong'ona Bwana Ngwali kutoka mlangoni. "We mtoto! Yupo!"

Msichana wa dawati la nyuma akazungusha viganja. Kisha wa pembeni yake. Kisha darasa zima, sauti laini, ya chini, inayofika mbali: "Huuu. Huuu." Mheshimiwa Waziri akapiga makofi kwa furaha. "Hao ndio mbwa wenyewe! Mmeona elimu kwa vitendo?"

Watoto hawakumwangalia. Walikuwa wamenyamaza, vichwa vimeinama upande, wanasikiliza dirishani, kuelekea mashamba ya mihogo. Hata mpiga picha alishusha kamera, bila kujua kwa nini.

"Chausiku Mahimbo," aliita Siwema mara ya pili.

"Huuu," waliita watoto. Wakasubiri.

"Chausiku Mahimbo."

"Yupo!" alijibu Bwana Ngwali mwenyewe, mtu mzima wa miaka hamsini na nne, kwa sauti nyembamba ya kitoto. "Yupo, mwalimu! Yupo!"

Siwema alichukua rula ya mbao mezani. Aliiweka juu ya ukurasa, akaibana kwa vidole vilivyokuwa vyeupe kwa chaki, akachora mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. Alikumbuka ruhusa ya Mwalimu Kazimbaya na chakula kinachopoa mezani kwake. Kisha akainua macho kutoka kwenye daftari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa kuita majina, akamtazama mwanamke mwenye utepe.

"Hayupo, mama," alisema, na safari hii sauti yake ilifika mpaka nje, kwa waliosimama juani. "Chausiku amekufa. Alikufa mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, kwa homa, na dawa haikuwepo. Mimi nilijua. Niliogopa, nikamwandika yupo kila siku. Hayupo."